Kesi ya Mkungu wa Mavuno

Hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili mtu asije akasoma mbele huko akashangaa. Mama yangu anasema nilizaliwa nazo. Mke wangu anasema nimeziokota kwa ng'ombe wetu wa maziwa, ambaye ukichelewa kumpa majani anapiga ndoo teke. Uongo mtupu. Mimi sipigi ndoo, mimi naongea. Nikianza kueleza kosa nitaanzia siku lilipotungwa mimba mpaka wajukuu wake, na mkosaji atakuwa amesimama mbele yangu, mikono nyuma, miguu imekufa ganzi.

Tunaishi Machame, kwenye kihamba alichoniachia baba: migomba, kahawa kidogo, na huyo ng'ombe. Mama ana nyumba yake hapo hapo, akikohoa tunamsikia. Watoto wetu ni watatu. Wavulana wawili wako shule ya bweni, kwa hiyo mwaka wa kesi hii nyumbani alibaki binti wa mwisho, wa miaka kumi. Hebu fikiria: mtoto mmoja, wazazi wawili na bibi. Malezi yote yalimwangukia yeye, maskini.

Tena mimi ni mzee wa kanisa. Sisi Walutheri wa huku mlimani, mzee wa kanisa anatakiwa kwanza aimudu nyumba yake. Mtoto wa mtu mwingine akivunja kikombe, amevunja kikombe. Wangu akivunja, mimi naona jumuiya nzima wamekaa kwenye mabenchi wananong'onezana. Ni ugonjwa, najua, lakini ndio niliokuwa nao.

Basi Jumamosi moja mchungaji akatuletea mtaalamu wa malezi kutoka Moshi mjini. Dada mdogo tu, ana kompyuta na picha za ukutani. Akatuambia fimbo haifundishi kitu, kinachofundisha ni matokeo. Mtoto akimwaga maziwa usimchape. Mwache anywe chai ya rangi, ataelewa mwenyewe. Wazee wenzangu walicheka mpaka benchi likalia. Sisi tumelelewa kwa fimbo za mbuni, na fimbo ya mbuni hupinda tu, haivunjiki, na wewe uliyechapwa ndiye uliyetumwa kuikata. Lakini mimi yale maneno yaliniingia. Niliona faida yake papo hapo: fimbo inaisha dakika moja, matokeo unaweza kuyaeleza saa nzima.

Nikarudi nyumbani nikatangaza sheria mpya. Kuanzia leo, nikasema, hakuna kuchapwa, kila kosa litazaa matokeo yake. Mama alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi. Akaniuliza, "Na makosa yako wewe yatazaa nini?" Nikamwambia, "Mama, tunaongelea watoto."

Jaribio la kwanza lilikuwa la majani. Binti alisahau kukata majani ya ng'ombe, akili yake yote iko kwenye nyimbo. Zamani ningempigia kelele. Safari hii nikatulia, nikamwambia kwa sauti ya dada wa semina, "Nenda kamweleze ng'ombe mwenyewe kwa nini hatakula." Akaenda. Nilimsikia anamwamkia kwanza, shikamoo, maana adabu tumemfundisha, halafu akamweleza vizuri kabisa, na mwisho akamwomba radhi. Ng'ombe hakuelewa hata neno moja. Alilia kuanzia saa kumi jioni, analia kwa sauti ya kuita majirani, taarifa ya habari siisikii, simu siisikii. Mwisho nikachukua panga nikaenda mwenyewe mvuani kumkatia majani, nikateleza, nikaingia kwenye mfereji na suruali yangu ya kikao cha kanisa. Niliporudi mke wangu alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Pole, baba watoto," akasema. "Matokeo hayo."

La pili lilikuwa la maharage. Binti aliyaunguza, nikaamuru yaliwe hivyo hivyo ili ajifunze. Yaliliwa siku mbili, na mimi hakimu nikiwemo. Sikuvunjika moyo. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nakunja.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe.

Kwetu Sikukuu ya Mavuno si mchezo. Kila nyumba inapeleka madhabahuni ilichojaliwa: ndizi, kahawa, mayai, maziwa, jogoo amefungwa miguu anawika katikati ya mahubiri. Baada ya ibada vitu vinanadiwa hapo nje, na mpiga mnada anataja kwa sauti hiki ni cha nani. Hapo ndipo unyenyekevu wa Kikristo unapokwisha. Mtu anakaa miezi anautunza mkungu mmoja, anauegemeza kwa nguzo, anauwekea samadi ya peke yake, ili siku hiyo watu waseme, loo, huyu bwana ana mkono wa ndizi.

Mwaka huo nilikuwa na mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, ambao, Mungu anisamehe, niliupenda kuliko majirani zangu. Niliukata Alhamisi, watu wawili tukaubeba mpaka stoo, tukaulaza juu ya majani makavu. Nilikuwa naenda kuuangalia asubuhi na jioni.

Na binti naye alikuwa na lake. Mwalimu wa kwaya ya watoto alikuwa amempa ubeti wa kuimba peke yake siku hiyo, mbele ya kanisa zima. Si jambo dogo. Wiki sita alimwimbia ng'ombe, akawaimbia kuku, akatuimbia sisi mpaka mimi mwenyewe nikawa nauimba shambani. Bibi yake alikuwa amemshonea gauni jeupe lenye ukosi. Lilitundikwa ukutani, na kila akipita analigusa pindo.

Ijumaa mambo yalikuja pamoja. Mchana jirani yetu alikuwa anapokea wageni wa mahari ya binti yake, na mimi kama mzee nilialikwa. Mbege ilikuwepo, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na ilikuwa imekaa vizuri. Nilikunywa kata mbili. Mke wangu anasema nne, lakini yeye alikuwa sokoni, hawezi kuwa shahidi. Niliporudi saa kumi nyumbani palikuwa na pilikapilika, kwani dada yangu aliyeolewa Tarakea alikuwa amejifungua, na shemeji alikuwa amekuja na gari kumchukua mama akamlee mzazi. Nakumbuka nilimkumbatia shemeji. Nakumbuka nilimkumbatia tena. Mama akaondoka, nikalala kidogo.

Jumamosi asubuhi nikaenda stoo kuuamkia mkungu wangu. Vichane viwili havipo. Tena vile vya juu, vinene, ndio uso wa mkungu wenyewe! Mkungu umebaki na shimo, mzee wa kanisa atapeleka nini madhabahuni, mkungu kibogoyo? Nilipiga ukelele mmoja, kuku wakaruka.

Nikachunguza. Alama ya kukatwa ilikuwa ya kisu kidogo cha jikoni, tena imerukaruka, kazi ya mkono usio na nguvu. Nani hapa nyumbani ana mkono usio na nguvu? Nikaenda kwenye nguo chafu nikachukua sare ya shule ya binti. Kifuani kulikuwa na madoa meusi ya utomvu wa mgomba, na utomvu ukishika nguo hautoki mpaka nguo ife. Nikajiona mpelelezi.

Mke wangu alijaribu. "Huyu mtoto kila siku anakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, ulitaka awe na madoa ya nini, ya wino? Halafu mtoto wa miaka kumi aibe ndizi mbichi, afanye nazo nini?"

"Amechoma, akala na wenzake."

"Vichane viwili?"

"Usimtetee! Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Nikamsimamisha binti sebuleni. Nikaongea kuhusu wizi, kuhusu madhabahu, kuhusu babu yake aliyepanda ule mgomba. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, si mimi."

Hapo nikatoa hukumu, na nilijiona mpole sana. "Sikuchapi. Nakupa nafasi. Ukikiri, yamekwisha, kesho utavaa gauni lako na utaimba. Usipokiri, hutaimba."

Akaligeukia lile gauni pale ukutani. Nikajua sasa anakiri, maana nani angekataa? Mama yake naye, Mungu ambariki, alikuwa nyuma yangu anamkonyeza akubali tu yaishe. Mtoto akanigeukia.

"Baba, nikisema ni mimi nitakuwa nimesema uongo. Wewe ndiye uliyesema uongo ni dhambi hata ukiwa mdogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si mimi."

Ningekuwa na akili siku hiyo, ningepiga magoti pale pale nimshukuru Mungu kwa mtoto wa namna ile. Mimi nikaona kiburi. Nikampigia simu mwalimu wa kwaya.

Jumapili ubeti ule aliimba mtoto mwingine, aliyefundishwa asubuhi ile ile. Katikati maneno yalimpotea, akasimama mdomo wazi mbele ya watu. Binti yangu alikuwa amekaa kando yangu na sketi yake ya kawaida. Nilimwona anatamka yale maneno bila sauti, ubeti wote, mpaka mwisho, macho yapo kwa mwenzake. Nikageuza uso nikaangalia mapambo.

Mnadani nako nilipata changu. Nilikuwa nimepeleka mkungu mwingine, mdogo, niliouangusha kwa haraka jioni ya Jumamosi. Mpiga mnada akauinua kwa mkono mmoja, mkono mmoja jamani, akasema, "Huu ni wa mzee wetu. Naona mwaka huu mvua iliruka kihamba chake." Watu walivunjika mbavu. Nikarudi nyumbani moyo unachemka, na hasira zote nikampelekea mtoto. Siku tatu sikumwita kwa jina la utani.

Baada ya wiki mbili mama akarudi kutoka Tarakea, amenenepa kidogo, na habari tele. Tulikaa jikoni wote, mke wangu anamenya ndizi, binti anachagua mchele. Mama akasimulia mtoto alivyo mkubwa, alivyo na paji la uso la marehemu baba. Kisha akanigeukia kwa upendo.

"Na wewe, mwanangu, Mungu akuzidishie. Ule mshare! Mtori wake ulikuwa mzito, dada yako alipata maziwa siku ile ile. Anasema aika, asante sana."

"Mshare gani?" nikauliza.

"Si vile vichane viwili ulivyonipa."

Kisu cha mke wangu kilisimama katikati ya ndizi.

"Mama, mimi sikukupa vichane."

"Wee! Nilikufuata pale uani, umemshika shemeji yako shingoni. Nikakuambia, mwanangu, mzazi hatakula mtori wa ndizi za kununua, nikate vichane viwili kwenye ule mkungu? Ukaniambia, kwa sauti kubwa, shemeji yako ni shahidi: 'Chukua mama! Chukua hata mkungu mzima! Mungu hali ndizi!'"

Hiyo "Mungu hali ndizi" ndiyo iliyonimaliza. Ni maneno yangu kabisa. Nilianza kuyaona yanarudi kwa mbali, na shemeji, na jua la jioni, na furaha niliyokuwa nayo. Mke wangu akasema polepole, "Kata mbili."

Binti hakuinua kichwa. Aliendelea kuchagua mchele, akatoa jiwe, akalitupa nje, akachagua tena. Ilibidi mama aelezwe kesi nzima, na mke wangu ndiye aliyeieleza, hakuacha hata nukta, pamoja na gauni. Sijawahi kumwona mama yangu amekasirika vile tangu nilipouza koleo la baba.

"Utampelekea isale," akasema.

Isale ni ule mmea tunaoupanda mpakani mwa kihamba. Tangu mababu, Mchagga aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la isale, aliyekosewa hawezi kukataa, lazima asamehe. Lakini ni jambo la watu wazima! Ni la ndugu waliogombania mpaka, la mume na wakwe zake.

"Baba ampelekee mtoto isale? Tangu lini, mama?"

"Tangu baba alipomtoza mtoto kosa la baba. Nenda kakate. Na uchague jani zuri."

Nilikata. Nilizunguka mpakani mara mbili nikiomba jirani asinione, na bila shaka alikuwepo. "Mzee, isale hiyo ya nani? Umemkosea mchungaji?" Nikamwambia ni dawa ya ng'ombe.

Binti nilimkuta bandani, anamwekea ng'ombe maji. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini yalinikwama, mimi mwenye maneno ya kugawa. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili kama desturi. Nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nilikushtaki kwa kosa langu mwenyewe, nikakunyang'anya siku yako. Naomba unisamehe." Na nililia, sifichi. Si sana, lakini nililia.

Alikausha mikono kwenye sketi, akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Nimekusamehe, baba." Kabla sijapangusa macho, ng'ombe akanyoosha shingo, akalivuta lile jani mkononi mwake, akalitafuna. Tulisimama tukimtazama anamaliza msamaha wangu wote mpaka kikonyo. Binti akaziba mdomo, kicheko kikamponyoka puani. Nami nikacheka. Mama alipoambiwa akasema haidhuru, jani likishapokelewa limepokelewa, tumbo la ng'ombe halihusiki.

Nilienda kwa mwalimu wa kwaya, nikajieleza, nikaomba binti aimbe Jumapili inayofuata. Mwalimu alinisikiliza vizuri. Akasema wimbo wa mavuno ni wa mavuno, mzee, tusubiri mwakani. Nilipompelekea binti habari hizo akasema, "Sawa, baba." Gauni bibi yake alilikunja akaliweka sandukuni. Mtoto wa miaka kumi hasubiri gauni, anarefuka, na mwakani lile halitamtosha.

Lakini nyumba ikatulia. Majani yakakatwa, maharage hayakuungua. Nikaanza kujisifu moyoni kwamba kesi ile, pamoja na aibu yake, ilitufundisha sote. Nilifikiria hata kusimama kwenye semina ijayo nitoe ushuhuda, bila kutaja mbege.

Jumapili moja, kama miezi miwili baadaye, tulitoka kanisani na njaa, mke wangu akaandaa ndizi na nyama. Sahani ziko mezani, mimi nasubiriwa nibariki chakula. Nikakumbuka nahitaji kufungua stoo. Ufunguo hauko kwenye msumari wake.

"Nani amechukua ufunguo wa stoo?" nikauliza. Sikupaza sauti. Naapa sikupaza sauti.

"Ni mimi, baba," binti akasema hapo hapo. "Samahani. Nitautafuta baada ya kula."

Jamani, moyo ulinijaa! Hakuna kuzungushana, hakuna ubishi, mtoto amekosa na amesema. Nikamtazama mke wangu, unaona? Nikamtazama mama, unaona? Nikaanza kumpongeza, nikaeleza jinsi ukweli unavyofupisha njia. Jasho likanitoka kwa furaha, nikaingiza mkono kwenye koti nitoe leso nijifute. Leso ikatoka na ufunguo. Ukaanguka juu ya meza, karibu na bakuli la nyama, mbele ya kila mtu.

Nilikuwa nimeuweka mimi mwenyewe asubuhi.

Nikamgeukia binti. "Sasa wewe umesema ni wewe kwa nini?"

Hakuonekana ameshikwa wala ameogopa. Alinijibu taratibu, kwa upole, jinsi unavyomweleza mgeni njia ya kwenda barabarani.

"Ili tule, baba. Ukisema ni wewe, inaisha haraka."

Halafu akachukua sahani yangu akanipakulia, akanichagulia vipande vyenye nyama.